Mzunguko wa Fundi

Kamera haifungwi kwenye plastiki. Yunis Msengi aliwaambia hivyo mafundi wengi waliopita mikononi mwake, na waliomsikia ni wachache. Plastiki hucheza, na pikipiki ya mbio ikishika kasi, nati hulegea, kamera ikaruka na kumpata aliye nyuma. Kwa hiyo alilivua bodi la mbele la pikipiki ya wifi yake, akalilaza juu ya gunia lisije likakwaruzika, kisha akaingiza vidole ndani kutafuta chuma cha fremu.

Jicho jipya, kama walivyoiita kamera hiyo, lilikuwa dogo kama limao. Lilikuwa na lenzi mbili, moja ya kutazama njia na nyingine ya kumtazama mtu, na safari hii watengenezaji walikuwa wamelitia kioo kidogo cha maandishi ubavuni. Yale ya zamani, yaliyotumika misimu mitatu, yalikuwa na taa tu. Pikipiki isiyo na jicho haikuruhusiwa hata kuwashwa katika Uwanja wa Majabali, nje kidogo ya Singida, kwa kuwa jicho ndilo lililoamua nani mzima wa kukimbia na nani si mzima. Likiona kasoro kwa mwendeshaji lilipunguza umeme wa mota lenyewe, likawasha taa ya njano mkiani na kupeleka taarifa makao makuu, na taarifa hiyo hakuna aliyeweza kuifuta. Madaktari wa uwanja waliondolewa mwaka uleule lilipokuja.

Yunis alisugua chuma kwa spiriti, akaweka vipande vya raba chini ya kishikio ili vipunguze mtikisiko, akakaza boliti mbili alizozipaka gundi ya nati. Mwisho akapitisha waya wa usalama na kuanza kuusokota. Hapo ndipo mkono wake wa kushoto ulipoanza visa vyake. Miaka thelathini ya kushika grenda ilikuwa imemwachia mtetemo usiokwisha, na alikuwa na mbinu yake: alibana kiwiko juu ya goti, akavuta pumzi, akasokota.

"Wifi, unafunga kamera au unaposa?" Sikudhani Kingu alikuwa ameketi juu ya tairi chakavu, anakula mguu wa kuku. Alikuwa mdogo wake mumewe Yunis, mwanamke mrefu wa miaka thelathini na minane, na kesho alikuwa anakimbia mbio za kufunga msimu.

"Ningekuwa naposa ningetafuta anayejua kupika."

"Kaka yangu hajalalamika."

"Kaka yako hana ulimi. Ameuacha kwenye mlenda wenu."

Sikudhani alicheka, akatupa mfupa. Yunis alimaliza kusokota waya, akauzungusha usukani hadi mwisho wa kushoto, kisha hadi mwisho wa kulia, kuona kama kuna kinachovutwa. Hakikuvutwa kitu. Akarudisha bodi, akavaa helmeti yake kuukuu na kupanda.

Hiyo ilikuwa desturi ya karakana ile. Waliiita mzunguko wa fundi. Zamani fundi mmoja alisahau pini ya breki, na aliyelipia usahaulifu huo alikuwa mwendeshaji, si fundi. Tangu siku hiyo wakakubaliana kwamba ulichokifunga, kikalie kwanza wewe. Yunis aliipenda desturi hiyo kuliko kanuni zote zilizochapishwa. Alikuwa ameshika kipande kimoja cha haki duniani na hakutaka kukiachia.

Alizunguka polepole, upepo wa Singida ukimsukuma ubavuni. Mapangaboi makubwa ya umeme wa upepo yalikuwa yanageuka juu ya majabali, na nje ya uzio alizeti zilikuwa zimeinamisha vichwa. Aliporudi karakana, taa ya kijani iliwaka kama kawaida. Miaka yote mitatu taa hiyo ilipowaka walikuwa wakisema, "Limekaa," wakaendelea na kazi nyingine. Lakini sasa kulikuwa na maandishi.

NIMEMFAHAMU MWENDESHAJI. MKONO WA KUSHOTO UNATETEMEKA. NITAUHESABU KUWA WA KAWAIDA KWAKE.

Yunis alisoma mara ya kwanza akidhani amekosea. Alisoma tena, neno kwa neno, akashuka.

*

Kitabu cha maelekezo kilikuwa kwenye kabati, chini ya makopo ya grisi, na hakuna aliyekifungua tangu siku kilipoletwa. Yunis alikisoma amesimama.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanzoni kabisa jicho lilipima watu wote kwa kipimo kimoja, na waendeshaji waliowahi kuvunjika mifupa wakalalamika, kwa haki kabisa, kwamba wanaadhibiwa kwa bega lililopinda tangu utotoni. Basi watengenezaji wakalifundisha jicho kumsoma kila mtu peke yake. Kila linapofungwa upya, mzunguko wa kwanza linamtazama aliyekaa: anavyopumua, anavyoinama, vidole vinavyokaa kwenye breki. Hayo linayachukua kuwa uzima wake. Baada ya hapo, uzito na urefu vikibadilika linajirekebisha, lakini hali ya mikono halisahau. Walioliunda walidhani, kama ambavyo mtu yeyote angedhani, kwamba atakayezunguka mara ya kwanza ni mwenye pikipiki.

Taa ya kijani haikuwahi kusema kwamba boliti zimekaa. Ilikuwa inasema nimeshamjua mtu wangu. Na mtu wake, kwa misimu mitatu, kwenye kila pikipiki iliyotoka katika karakana hii, alikuwa Yunis.

Alikifunga kitabu. Hakuwaza pikipiki nyingine kwanza. Aliwaza kona ya pili, ile ya kushoto inayopita chini ya jabali, ambako mwezi uliopita Sikudhani alitoka nje ya njia mpaka kwenye nyasi na kusema ni upepo. Aliwaza jinsi siku hizi anavyofunga zipu ya jaketi kwa mkono wa kulia tu, na kikombe cha chai anakishika kwa mikono miwili hata siku za joto. Hayo yote aliyaona yanapita mbele yake, na hakuyatilia maanani, kwa sababu jicho lilikuwa linatazama.

Alimkuta Sikudhani bado kwenye tairi lake. Akampa boliti na nati.

"Nianzishie hii, mikono yangu ina grisi."

Sikudhani aliishika boliti kwa mkono wa kulia na nati kwa wa kushoto. Nati iligusa ncha ya boliti, ikateleza, ikaanguka. Aliiokota akajaribu tena, na ikaanguka tena. Safari ya tatu hakuinama kuiokota. Walibaki wanaitazama pale vumbini.

"Tangu lini?" Yunis aliuliza.

"Tangu msimu wa kupanda alizeti."

"Umemwambia nani?"

"Nimwambie nani, wifi?" Sikudhani alijifuta kiganja kwenye suruali. "Jicho linaniangalia kila nikikaa. Nilikuwa nikishuka nalitazama, nasema moyoni, kama kuna kitu lingesema. Halikusema. Nikajua ni uchovu. Wiki nyingine vidole vilikuwa havikunjiki kabisa, nikaenda kuketi juu ya pikipiki mchana kweupe, nizunguke tu ili linihakikishie. Likaniambia mzima. Nikalala vizuri."

Yunis alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi. Alimweleza yote: mzunguko wa fundi, taa, maandishi. Hakujitetea. Alipofika kwenye mkono wake mwenyewe aliunyoosha, na wote wawili wakautazama ukitikisika kidogo kidogo, kama ulivyozoea.

Sauti ya Sikudhani ilikuwa ya mtu anayepiga hesabu.

"Kwa hiyo lifungue. Lifunge tena, halafu nizungushe mimi. Si ndivyo kitabu kinavyosema?"

"Litaujua mkono wako mgonjwa, liuite mzima."

"Litauita wa kawaida kwangu. Na ndio wa kawaida kwangu sasa. Wifi, hapo hujavunja sheria hata moja. Utakuwa umeifuata kwa mara ya kwanza."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomtisha Yunis. Angeweza kutengeneza kosa lake kwa namna iliyo sahihi kabisa, mbele ya mashahidi, na wifi yake akaingia kona ya pili kesho na breki ya nyuma, ile ya mkono wa kushoto, ikitegemea vidole visivyokunjika.

"Na anayekuja nyuma yako?"

"Nitapunguza mapema. Ni mbio moja tu, wifi. Baada ya hapo nakwenda hospitali mwenyewe, sitasubiri kupelekwa." Kisha, kwa ukali ambao Yunis hakuwahi kuusikia kwake: "Na wewe una mkono huohuo. Mbona hukuacha kazi?"

"Mimi nikikosea, nati inaanguka."

Sikudhani alisimama. "Naenda kujiandikisha na kupumzika. Nikirudi nikute umelifungua. Nakuomba kama wifi yangu, sikuombi kama fundi."

*

Dakta Gunda alikuwa daktari wa uwanja kabla madaktari hawajaondolewa. Hakufukuzwa, alibakizwa kama mkaguzi, na kazi yake ilikuwa kutembea kati ya pikipiki akihakikisha taa ni za kijani. Ofisi yake ilikuwa kontena lenye feni moja. Alimsikiliza Yunis bila kumkatiza, miwani imepanda kwenye paji la uso.

"Mlete nimpime," alisema mwishowe. "Halafu nitafanya nini? Karatasi yangu haina mahali pa kwenda, mama. Mwaka wa kwanza niliandika juu ya mwendeshaji mmoja, moyo wake haukunipendeza. Makao makuu wakaniuliza jicho limesema nini. Jicho halikusema. Wakaniambia basi na wewe usiseme."

"Ikawaje?"

"Alikimbia, akamaliza wa nne, akaja kunicheka hapahapa mlangoni. Labda nilikosea. Sitajua." Aliishusha miwani. "Mdomo wa kumzuia wifi yako kesho ni mmoja, na umeufunga wewe kwenye ile pikipiki. Wangu hauhesabiki."

"Basi usiseme kwa mdomo," Yunis alisema. "Kaa juu ya pikipiki."

Gunda alianza kucheka, akaona Yunis hatanii.

"Nitalifungua jicho nilifunge upya, na mzunguko wa kwanza uzungushe wewe. Kitabu kinasema mzunguko wa kwanza, hakisemi azunguke nani. Likishaujua mkono mzima, litauona wake mgonjwa. Mkono wako ukoje?"

Gunda aliunyoosha wa kushoto juu ya meza. Ulikuwa na mabaka ya uzee, na ulitulia. Feni ilipuliza karatasi zote mezani, lakini mkono haukutikisika.

"Pikipiki ya mwisho niliyoendesha ilikuwa ya chanjo," Gunda alisema. "Na sanduku la barafu nyuma. Niliangushwa na mbuzi."

"Hapa hakuna mbuzi."

"Wifi yako anajua unachokifanya?"

"Hajui."

"Utamwambia?"

Njia yote Yunis alikuwa amelipima swali hilo, na kila upande ulikuwa na mwiba. Akimwambia, karakana ziko nyingine mbili pale uwanjani, na fundi yeyote angefungua boliti mbili na kumwachia azungushe mwenyewe. Asipomwambia, Sikudhani angepanda akiamini amesaidiwa, na mtego angekuwa ameutega mke wa kaka yake. Amwokoe kwa hila, au amheshimu na kumpoteza. Alikuwa anampenda yule mwanamke, na ndiyo maana hakuona pa kupita.

"Na pikipiki nyingine ulizofunga wewe?" Gunda aliuliza.

"Kumi na moja. Leo hii nazifungua zote. Kila mmoja umtazame mkono kwanza kwa macho yako, ndipo azunguke."

"Macho yangu hayana sheria."

"Lakini yanaona."

Gunda aliinuka, akaanza kuchomeka suruali yake ndani ya soksi.

*

Gunda alizunguka polepole kuliko Yunis, ameketi wima kama anapeleka chanjo, na mafundi wa karakana jirani walitoka nje kushangilia. Hakuwajali. Aliposhuka alikuwa anatokwa jasho na kutabasamu bila kutaka, na kile kioo kidogo kiliandika: NIMEMFAHAMU MWENDESHAJI. HAKUNA DOSARI. Tabasamu likamwondoka. Alimgusa Yunis begani, akaenda kusimama mbali, kwenye kivuli cha kontena.

Sikudhani alirudi amevaa nguo zake za ngozi, helmeti mkononi. Aliukagua waya wa usalama kwa macho, akaona umesokotwa upya.

"Umelifungua."

"Nimelifungua na kulifunga."

"Ahsante, wifi." Alisema kwa sauti ndogo, akainua mguu kupanda.

Hapo Yunis angeweza kunyamaza. Kazi yote ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni pumzi mbili za kimya. Aliufungua mdomo kabla hajaamua.

"Ameshazunguka mtu. Dakta Gunda."

Mguu wa Sikudhani ulirudi chini. Alimtazama Yunis, akamtazama daktari kule kivulini, akakitazama kioo. Hakuwa mtu wa kuelezwa mara mbili.

"Umenisaliti."

"Ndiyo."

"Halafu unaniambia."

"Ndiyo. Ukipanda litasema, na likisema halifuti. Usipopanda, karakana za jirani ziko wazi. Sitakuja kukuzuia. Ila sitaufunga mkono wangu juu ya mkono wako tena, Siku. Siwezi."

Sikudhani aligeuka akazitazama karakana zile mbili. Mafundi walikuwa bado nje, wanamwiga Gunda alivyokaa. Mmoja alimpungia. Yunis alitaka kupiga magoti, alitaka kuomba radhi, alitaka kunyakua ufunguo na kuutupa kwenye alizeti. Alisimama tu, mikono kwenye aproni.

"Unajua kinachoniuma?" Sikudhani alisema, bado amegeukia kule. "Si wewe. Miezi yote hii nilikuwa nalisubiri liseme. Nilipokuwa peke yangu kitandani na vidole vimekufa, nilikuwa nasema kesho litaona. Kesho litaona. Nilikuwa natamani linikamate."

Alivaa helmeti. Kamba ya kidevuni ilimsumbua, na Yunis hakusogea kumsaidia, kwa kuwa hakuombwa. Ilichukua muda. Hatimaye ilikubali, akapanda, akawasha, akatoka.

Pikipiki za umeme haziungurumi, huimba. Yunis aliusikiliza wimbo ule ukipanda kwenye njia iliyonyooka, ukapungua kwa kona ya kwanza na kupanda tena. Alikuwa peke yake uwanjani, hakuna aliye mbele wala nyuma yake. Chini ya jabali, pale pa kushika breki ya nyuma, sauti ilianza kushuka, si kwa ghafla, ila kama mtu anayeshushwa ngazi kwa kushikwa mkono, hadi ikakatika. Upande wa pili wa nyasi kukawaka taa ya njano.

Gunda alitoka kivulini. "Niite gari?"

"Hapana," Yunis alisema, akaanza kutembea.

Alikata kupitia katikati ya uwanja, miiba ya nyasi ikimshika sketi. Magoti yake hayakuwa ya kukimbia, lakini aliyakimbiza palipowezekana. Alipofika, Sikudhani alikuwa ameshashuka. Amevua helmeti, ameiweka chini, anasoma kioo. Macho yalikuwa mekundu ila makavu.

"Soma," alisema.

MWENDESHAJI ASIENDELEE. MKONO WA KUSHOTO HAUFANYI KAZI YAKE. APELEKWE KWA DAKTARI.

"Limesema kwa adabu," Sikudhani alisema.

"Nisamehe."

"Bado. Nitakusamehe, lakini si leo. Leo usiniombe."

"Haya."

Upepo ulivuma kati yao. Kule karakana mafundi walikuwa wameacha kucheka, wamesimama mstari, na hakuna aliyekuja. Sikudhani aliishika pikipiki kwenye usukani, akaisukuma. Ilikwenda hatua mbili, ikalalia upande wa kushoto, na akaizuia kwa nyonga isianguke. Akajaribu tena. Safari hii ilimponyoka zaidi, akabaki ameinama juu yake, ameiegemeza kwa mwili wote, anahema. Yunis alikuwa amenyoosha mikono lakini hakuigusa. Alingoja.

Sikudhani aliinua uso. Tangu msimu wa kupanda hakuwa amemwomba mtu hata amfungulie chupa ya maji.

"Mimi nitashika kulia," alisema. "Wewe njoo huku kushoto."

Yunis akaizunguka pikipiki, akashika.